Pua ya Klara wa Mungaa

Klara alikuwa na pua iliyojulikana Mungaa nzima. Si kwa uzuri, maana uzuri wa pua ile hakuna aliyewahi kuusifu, bali kwa kazi. Ungemfunga kitambaa machoni na kumpa vijiti vitano vya porini, angekuambia kila kimoja kimevunjwa kichaka gani, na kwa kile cha tano angeongeza kwamba ulikishika baada ya kula kitunguu. Hiyo ni zamani. Sasa alikuwa na miaka sitini na mitatu, na kwa miaka minne pua ile ilikuwa pambo la uso tu.

Watu walijua kwamba anapiga chafya. Kila msimu wa kupura mtama na alizeti macho yalimvimba, na chafya zilimjia kumi kumi mpaka kuku wakakimbia uani. Wasichojua ni kwamba harufu zilikuwa zimemkimbia moja baada ya nyingine. Ilianza ya mvua kwenye udongo mkavu, ikafuata ya maziwa ya kibuyu, mwishowe hata moshi hakuusikia tena. Zahanati walimpa vidonge; chafya zikapungua, harufu hazikurudi. Wakamwambia aende hospitali ya mkoa akaonwe na daktari wa pua, naye akasema ataenda baada ya mavuno. Mavuno manne yakapita.

Aliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa na sababu. Mama yake, Agnes, ndiye aliyekuwa mganga wa chafya na miwasho. Kiangazi kilipoingia, watu walikuja kwake kutoka mbali, hata Shelui, macho mekundu kama wamelia msiba, wengine ngozi imewavimba mabaka. Agnes alimwamsha bintiye kabla ng'ombe hawajafunguliwa, wakaenda porini wawili tu na jembe dogo. Huko vilisimama vichaka vya aina mbili visivyo na jani hata moja, gamba lile lile, miiba ile ile. Kimoja ni dawa, kingine ni kuni tu. Tofauti yao ilikuwa chini: ukiukwangua mzizi kwa ukucha na kuunusa, ule wa dawa ulijibu.

Agnes hakuutaja jina. "Ukiutaja unasikia, unajificha," alisema, na mpaka anaingia kaburini aliuita "ule wetu". Alikata mzizi mmoja tu kwa kila kichaka, akafukia shimo na kulipapasa kwa kiganja, kama mtu anayemlaza mtoto. Wakirudi, chungu kilichemka nyuma ya nyumba na harufu ikajaa ua wote. Wagonjwa walikaa kwenye vigoda wakisubiri vikombe vyao huku Agnes akiwatania mmoja mmoja, na hata aliyekuja kwa manung'uniko aliondoka anacheka. Klara aliikumbuka sana saa ile. Alikuwa radhi kutoa mbuzi wake wote sita ili ainuse tena harufu ile asubuhi moja tu.

Mama yake alimwachia masharti mawili. La kwanza, mkono uliochimba usinywe. Mchimbaji akiugua, mwingine amchimbie. La pili, dawa irithiwe na binti, isivuke kwenda ukoo mwingine. Sasa Mungu naye ana utani wake. Klara alijaliwa wana watatu wa kiume, wote wenye afya, wote wasiojua kutofautisha mzizi na mwiko. Mmoja, Naftali, alimwoa Martha, Mnyiramba wa Kinampanda, akamleta kuishi hapo hapo nyumbani. Wakati huo Agnes alikuwa hai, anaishi kwa bintiye kama mjane. Martha ndiye aliyepewa kazi ya kutwanga mizizi. Siku alipouliza ni ya mti gani, Klara alimjibu, "Twanga tu, mwanangu. Maneno hayatwangwi." Martha akatwanga miaka minane.

Agnes alifariki, na miaka miwili baadaye pua ya Klara nayo ikazima. Wagonjwa aliwaambia dawa imeadimika. Wahenga walisema mganga hajigangi, nao walisema kweli kuliko walivyodhani: nani angemchimbia, naye ndiye wa mwisho kuijua?

Mambo yangeishia hapo kama asingekuja Joshua, kijana mtafiti wa chuo, aliyekuwa akikusanya dawa za asili za mzio. Klara alikataa kumwonyesha kichaka, lakini alimpa mizizi mikavu ya mwisho aliyoiacha Agnes. Mwaka uliofuata Joshua aliomba mingine. Hapo ndipo Klara alipokosea. Alikwenda porini peke yake, akakwangua, akanusa, hakusikia kitu, akachimba kwa kubahatisha. Angeweza kusema ukweli, lakini kukiri kwamba pua imekufa aliona ni kumzika mama yake mara ya pili.

Mwezi wa saba mwaka huu Joshua alirudi, akakaribishwa uji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko chuoni hawapiki?"

Joshua akacheka, kisha akawa mzito. "Bibi, mzizi wa kwanza ulitushangaza. Mwilini kuna chembe za ulinzi. Mtu mwenye mzio, vumbi likimwingia puani, zile chembe zinalidhania adui, zinamwaga kemikali inaitwa histamini. Ndiyo inayowasha, ndiyo inayovimbisha. Viambato vya mzizi wenu vilizituliza zile chembe, zikamwaga kidogo sana. Hiyo ni kwenye vichupa vya maabara. Kwa watu bado hatujui."

"Na wa pili?"

"Wa pili haukufanya lolote. Wenzangu wanasema ule wa kwanza ulikuwa bahati. Wa tatu ukishindwa, tunafunga faili, na tutaandika kwamba hakuna kitu."

Hakuna kitu. Asubuhi zote zile, watu wote wale kwenye vigoda, waandikwe hivyo kwenye karatasi kwa sababu ya kiburi cha mzee mmoja. Klara hakulala vizuri. Kulipopambazuka alimwambia Joshua, aliyelala hapo kwao, afuatane naye porini, na Martha abebe jembe.

Kwenye vichaka Klara alifukua mizizi miwili, akaikata, akaikwangua. Akanusa wa kushoto. Akanusa wa kulia. Akarudia. Joshua alikuwa ameshafungua mfuko wake, anangoja.

"Sisikii," Klara akasema.

"Husikii nini, bibi?"

"Harufu. Sisikii harufu yoyote, mwaka wa nne huu. Ule mzigo wa pili nilibahatisha. Nilikudanganya, mwanangu."

Martha aliweka jembe chini, akaichukua ile mizizi mkononi mwa mkwewe, akanusa mara moja tu.

"Ni huu, mama. Huo mwingine ni kuni."

"Nani kakufundisha?" Sauti ya Klara ilitoka kali, kama ya mtu aliyeibiwa.

"Hakuna, mama. Nimeutwanga miaka minane. Ulikuwa unaniingia mpaka kwenye nywele."

Klara alimtazama mwanamke yule wa Kinampanda ambaye yeye mwenyewe alimfungia mlango miaka yote hiyo, kumbe mwenzake alikuwa ndani siku nyingi. Hasira ikamtoka, akabaki na aibu, na nyuma ya aibu furaha ambayo hakuitegemea. "Basi chimba wewe," akasema. "Kila kichaka mzizi mmoja. Ukimaliza, fukia."

Martha alikwenda kichaka hadi kichaka, ananusa, anachimba. Joshua alivifunga vichaka utepe, akasema mvua zikianza atarudi kuchukua majani na maua ili mmea uandikwe sawasawa. Klara hakumkatalia. Aliomba tu abakiziwe mzizi mmoja, maana sasa kulikuwa na mkono mwingine uliochimba.

"Kwa utafiti wangu siwezi kukuahidi kwamba utapona, bibi," Joshua alisema. "Na hospitali uende."

"Jumatatu nakwenda. Martha atanipeleka. Hii nakunywa kwa sababu nyingine."

Mchana Martha alichemsha. Alimletea Klara kikombe kigodani, naye kwa mazoea akakisogeza puani. Mvuke ulimpiga usoni, joto tupu.

"Inanukaje?" akauliza.

Martha aliinama juu ya sufuria, akauvuta mvuke puani.

"Inanuka kama nyumba hii siku niliyoletwa kuolewa," alisema. "Bibi Agnes alikuwa anachemsha huku nyuma. Nilikuwa naogopa sana, mama. Nikasema moyoni, watu wenye harufu hii hawawezi kunitesa."

Klara alikunywa kikombe chote huku analia, wala hakujisumbua kujifuta.