Mkono Uliosoma Jua

Nilirudi Lodwar na nukta moja kwenye kompyuta, na shahada yangu ya uzamili ilining'inia juu yake. Ilikuwa ndani ya galaksi inayozaa nyota kwa fujo, yenye vumbi zito kiasi kwamba nyota ikilipuka humo darubini za kawaida hazioni kitu. Mwanga wa infraredi, ule tunaouhisi kama joto, hupenya vumbi hilo. Nilitoa picha yake ya zamani kwenye picha mpya, kama hesabu ya kutoa, ili kibaki kilichobadilika tu; ikabaki nukta. Msimamizi wangu alitaka jibu Ijumaa: ni nyota iliyolipuka, au sivyo? Ningesema ndiyo, angeomba darubini kubwa iigeukie kabla haijafifia.

Sikujua. Jumatano nikaenda kwa shangazi, nje ya Kakuma, anakochoma makaa ya miti ya mathenge. Tanuri lake lilikuwa limefukiwa udongo, likipoa. Alfajiri ya Alhamisi tulilipapasa pamoja, naye akanieleza kwamba palipo na joto ambalo jana halikuwapo, moto umeamka. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu. Akacheka, akaniita profesa, akaniachia tanuri, akapeleka magunia ya makaa kwenye kambi ya wakimbizi.

Saa tisa mchana nikapapasa tena. Upande wa magharibi, uliokuwa baridi alfajiri, ulichoma kiganja. Nikafukua niuzime huo moto. Sikuukuta. Lakini hewa iliingia hadi katikati, kulikokuwa bado na joto, na nusu ya makaa ikawaka mbele yangu nikirusha mchanga kama mwehu.

Shangazi aliporudi hakufoka. Alitazama majivu, kisha jua.

"Uligusa saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Mimi nagusa kabla jua itoke. Kila siku. Mkono yako imesoma jua, profesa."

Nilibisha, maana ndivyo nilivyo. Asubuhi yenye upepo unaopoza udongo je?

"Hiyo siku sijui. Naongeza udongo, nangoja."

Nikafungua kompyuta papo hapo. Picha ya zamani ilipigwa hewa ikiwa tulivu. Mpya, hewa ikitikisika na kutia picha ukungu. Nilikuwa nimetoa moja kwenye nyingine bila kuzisawazisha kwanza. Nikaitia ya zamani ukungu hadi ilingane na mpya, nikatoa upya. Nukta ikafifia. Haikufutika.

Nilitamani ibaki, kisha nikatamani ipotee. Nikaibadilisha rangi, nikaigeuza juu chini, kana kwamba ingeniambia kitu kwa kuchoshwa nami.

Ijumaa, mtandao uliposhika, nikamwandikia msimamizi: "Sijui. Naomba picha nyingine, ya hewa tulivu kama ile ya kwanza." Kisha nikaenda kumsaidia shangazi kuongeza udongo.