Anayesoma Vitako vya Sahani

Saa tatu asubuhi, nimekaa mbele ya Mama Kitako nikijua kabisa kwamba leo namweza. Sahani niliyomletea ni mpya ya dukani. Nimeisugua kitako kwa msasa ionekane ya zamani, kisha nikaibandika lebo kuukuu ya kiwanda cha ng'ambo. Hakuna binadamu atakayegundua.

Anagundua kabla chai yangu haijapoa.

Mama Kitako ananunua na kuuza vyombo vilivyotumika. Jina hilo alipewa sokoni kwa sababu sahani ya urembo ya kioo ikimfikia huipindua kwanza, amjue aliyeitengeneza.

"Uso unapakwa poda, mdogo wangu," anasema. "Huku chini hakuna anayejisumbua. Sahani ya nyumbani inasukumwa huku na kule, mikwaruzo inaenda kila upande. Yako imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Tena imepita mpaka chini ya lebo."

Anaibandua lebo kwa ukucha. Ghafla anaacha kunicheka.

"Lebo yenyewe ni ya kweli. Umeitoa wapi?"

"Nimeiokota sokoni."

Anashusha kutoka rafu ya juu sahani ya zambarau yenye umbo la jani, kikonyo kimepinda kushoto. Aliachiwa na mama yake. Daftari lake lina sahani mia mbili na kumi na mbili alizozitambua. Mstari wa hii una miaka tisa haujaandikwa mtengenezaji. Kitakoni mwa sahani, palipokuwa na lebo, kuna doa jeupe, mfano wa yai lililokatwa ncha. Anaiweka lebo yangu juu ya doa. Inaenea sawasawa.

"Bado haitoshi," anasema, sauti imeshuka. "Viwanda vingi vilikata lebo hivi. Lazima nijue ilitoka kwenye sahani gani, na nani aliiona pale. Lebo isiyo na sahani yake ni umbea tu. Fikiria vizuri, mdogo wangu."

Nafikiria vizuri. Nasema tena sokoni.

Mlangoni anapiga hodi bibi mmoja, amebeba kitu ndani ya taulo. Namfahamu. Ni bibi yangu.

"Mwanangu, nasikia unajua vyombo," anamwambia Mama Kitako. "Hii yangu imevuliwa lebo."

Taulo linafunguliwa. Jani la kijani, kikonyo kimepinda kushoto.

"Shikamoo, bibi. Lebo uliiona kwa macho yako?"

"Marahaba. Miaka arobaini nafuta vumbi pembeni yake."

"Na nani aliyeibandua?"

"Si huyo hapo? Jana ameiloweka kwenye beseni la maji ya moto. Nikashukuru, nikadhani mjukuu wangu kaanza kuosha vyombo."

Mama Kitako ameshafungua daftari. Anasema atawaandikia wenye kiwanda, kama bado wapo, awaulize ni fundi gani aliyekuwa akikunja vikonyo kushoto. Ila kwanza aandike ushahidi.

"Tuanze upya, bibi, polepole. Beseni la rangi gani?"

"Jekundu," anasema bibi, macho kwangu.