Utafiti Wetu wa Kokwa za Tende

Wakati ule wetu, nanyi mliokulia Siyu mtanishuhudia, kazi ya kikundi ilihitaji miguu. Tulikutana penye kivuli cha ukuta wa shule tukiwa na daftari moja, kalamu moja iliyotafunwa kitako, na ukwaju uliochovywa katika chumvi, ukapita mkono hadi mkono mpaka meno yakafa ganzi. Sare zetu zilinuka moshi wa kuni asubuhi, na mchana zikanuka jasho la kuruka kamba. Vijana wa leo huunda kikundi ndani ya simu, humwachia mmoja wao kazi yote, kisha wengine watano humwandikia kwamba wako pamoja naye.

Nayakumbuka haya kwa sababu juma lililopita jopo la maprofesa lilinirudishia pendekezo langu la utafiti wa uzamili likiwa na swali moja pambizoni: “Umejuaje?” Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Swali hilo nilikwisha kuulizwa nikiwa darasa la saba.

Mwaka huo wavulana walibaki shuleni kila alasiri kwa saa moja ya masomo ya ziada. Sisi wasichana tuliambiwa twende nyumbani. Mwalimu mkuu alieleza, kwa upole mkubwa, kwamba wavulana huchoshwa na shamba na uvuvi, hawapati nafasi ya kufungua kitabu, ilhali wasichana wamekaa tu nyumbani na wanaweza kusoma wakati wowote. Mimi nilikuwa naanguka hesabu kila muhula. Niliitaka saa ile kwa hamu ambayo leo ningeieleza kwa aya tatu na tanbihi; wakati ule niliieleza kwa kulia.

Mwalimu Rukia, mzaliwa wa mji wa Pate aliyetufundisha masomo ya jamii, alikwenda kututetea. Mwalimu mkuu akamjibu, “Bi Rukia, nionyeshe kwamba wanawake wana kazi nyingi nyumbani kuliko wanaume, nami nitawaingiza wasichana wako.” Akarudi darasani akatuteua watatu: mimi, nikiwa karani, Maimuna, ambaye mato yake yaliona kila kitu, na Athman, mwenye sauti ya muadhini, ambaye alikuwa na saa yake ya masomo tayari na hakutaka kubanana nasi kwenye madawati.

“Huu ni utafiti wa jinsia,” alisema Mwalimu Rukia. “Si vita vya wasichana na wavulana. Athman, funga mdomo.”

Mbinu tuliibuni wenyewe. Ramadhani ilikuwa imepita karibuni na kila nyumba ilikuwa na kokwa za tende. Tulizikusanya, tukaziosha, tukazianika juani, kisha kila nyumba tukaipa mikebe miwili ya maziwa ya unga: wa baba tukauweka barazani, wa mama jikoni. Kila nyumba ilipata kokwa sitini, thelathini kwa kila mkebe. Ukimaliza kazi moja, unatia kokwa moja. Mwalimu Rukia alitusikiliza, akatabasamu, akasema tuendelee. Mpaka leo nabishana na nafsi yangu kama alijua tutakavyokosea.

Siku ya tatu tulikusanya mikebe. Wa baba yangu ulikuwa umejaa hadi kokwa zinamwagika. Wa mama ulikuwa na kokwa tatu na harufu ya bizari. Nyumba ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, mkebe wa mama haukuonekana kabisa. Niliandika kila kitu kwa mistari iliyonyooka, na chini nikaandika hitimisho: wanaume wa Siyu hufanya karibu kazi zote.

“Hesabu imesema!” Athman alishangilia. “Nendeni mkakae nyumbani, mabibi. Tutawasalimia ubao.”

Nilimpelekea Mwalimu Rukia daftari huku machozi yakinidondoka juu ya jedwali. Alilisoma polepole. “Umejuaje?” akaniuliza.

“Nimehesabu, Mwalimu.”

“Umehesabu nini?”

Maimuna alikuwa ameinamia mkebe wa baba. “Mwalimu, zetu zilikuwa kavu. Hizi zanata, na zina sisimizi.”

Hapo ndipo nilipolitazama daftari langu tena. Nilikuwa nimempa baba kokwa thelathini, na kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimeandika themanini na mbili bila kushtuka. Yaliyonipata wiki iliyopita hayakufikia fedheha ile.

Tulimkuta baba barazani na wenzake, kahawa mkononi, tende mbele yao. “Ule mkebe?” alisema. “Mwanangu, umetufaa sana! Zamani kokwa tulizitupa ndiani. Sasa baraza imekaa safi.” Wenzake wakaitikia na kutushukuru. Wakauliza kama tungeleta mwingine.

Mama naye hakutubu. “Mkebe mzuri kama huo nitie kokwa? Nimetilia bizari. Na nani ana wakati wa kufanya kazi, kisha aende akahesabu kwamba amefanya?”

Mwalimu Rukia alicheka mpaka akajifuta macho kwa buibui. Kisha akatuamuru tuanze upya, bila mikebe, kila mmoja akakae kwao kutoka alfajiri hadi magharibi na kuandika anachokiona. Athman alipangiwa jiko la bibi yake, Bi Esha.

Kwenye kikao cha wazazi nilisoma kurasa zangu, Maimuna akasoma zake, na kina baba wakapiga miayo kwa heshima. Kisha Athman akasimama, kwa mara ya kwanza bila sauti. Mwalimu mkuu akalichukua daftari lake na kusoma: “Bibi anateka maji. Kaniambia nishike ndoo.” Akafunua ukurasa wa pili. Mtupu, una alama za vidole vya unga. Wa tatu mtupu, una tone la tui.

“Mengine yako wapi?”

“Sikupata nafasi ya kuandika,” alisema Athman. “Kila nikishika kalamu ananiuliza, ‘Kwani weye u karani? Shika mbuzi, kuna nazi ya kukuna.’”

Kina mama walicheka mpaka kikao kikasimama. Jumatatu iliyofuata nilikaa darasani alasiri, nimebanana na Athman kwenye dawati moja, na muhula ule nilifaulu hesabu.

Leo wasichana wa Siyu husoma alasiri bila kudaiwa ushahidi, na nikiwasimulia hunitazama kana kwamba nimezua. Hata hivyo, kuna jambo moja hatukulichunguza. Juzi nilimpigia mama nikamuuliza: saa ile niliyokuwa shuleni, kazi zangu alizifanya nani?

“Swali gani hilo, mwanangu? Kwani siku hizo chakula kilikuwa hakiliwi?”

Enzi zile nilidhani saa yangu nilipewa na mwalimu mkuu. Sasa nina saa nyingi za kuwaza kuliko zinavyonifaa, na yule aliyenipa ya kwanza bado hajapata yake. Nilitaka kumwambia hivyo, kwa maneno yaliyopangika, lakini akaniwahi: “Ngoja, wali wataka kuungua.” Akakata simu.