Reli Niliyoifunga kwenye Bunduki ya Njoroge

Nakumbuka siku moja kule Kitale, mwanangu, ambayo ningependa kuisahau. Nakusimulia leo kwa sababu watu wameanza kukuita fundi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na karakana yangu ya useremala. Akaja Njoroge, mkulima wa mahindi kutoka Kachibora, mtu mpole. Alikuwa na bunduki ya leseni ya kulindia ng'ombe. Chuma chake alikiacha nyumbani, akaniletea mbao yake tu, ile ya kitako na ya kushikia mbele. Alitaka nimfungie reli, kile kipande cha chuma chenye meno kinachokaa chini ya mbao, upande wa mbele, apate pa kushikiza tochi na mkanda wa begani.

Mbao yenyewe haikuwa ya gogo moja. Ilikuwa tabaka nyembamba nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, kahawia na nyeusi, zinang'aa. Sikuwa nimewahi kutoboa mbao ya namna hiyo, wala sikuwa na kibali cha kazi ya bunduki. Ningemwambia hivyo. Lakini niliona haya kusema sijui.

Shimo la pili lilipasua tabaka. Nilisikia mlio mdogo, kama wa kuni kavu, nikaona ufa umekimbia hadi ukingoni. Nikachanganya gundi na unga wa mbao, nikaujaza, nikapiga msasa, nikapaka mafuta. Kisha nikaifunga reli kwa skrubu fupi, mahali palipotaka bolti zenye nati kwa ndani. Ukiitazama, ilipendeza.

“Fundi, si itashika kweli?” Njoroge aliniuliza, akiivuta kwa vidole.

“Itashika, bana. Hata uivute na trekta.”

Akacheka, akanishukuru, akaenda.

Wiki ya tatu nikapata habari sokoni. Njoroge na mdogo wake, Karanja, walitoka asubuhi kufukuza fisi aliyekuwa akimaliza ndama wao. Bunduki ilikuwa begani, risasi iko ndani. Reli ikang'oka, mkanda ukaachia, bunduki ikagonga jiwe na kufyatuka. Karanja alikuwa hatua chache mbele. Alifia pale pale, kaka yake amemshika kichwa.

Hayo aliyasema Njoroge, na hakuna aliyemwamini. Ndugu hao walikuwa wamegombania shamba la marehemu baba yao mwaka mzima. Polisi wakamchukua. “Ati bunduki ilianguka!” watu walisema. “Si aseme tu alitaka shamba?”

Ukweli niliujua mimi. Nikafunga karakana, nikakimbilia Misikhu kwa Mzee Simiyu, aliyenifundisha useremala.

Siku nne nilimdanganya kwamba nimekuja kupumzika. Nilimsaidia kupiga randa milango. Siku ya tano akaweka randa chini.

“Kijana, unakula kama mgonjwa. Umefanya nini?”

Nikamwambia yote. Hakunipigia kelele, afadhali angenipiga.

“Mbao hata mimi nimeharibu nyingi,” alisema. “Lakini ule ufa uliuficha ukijua. Karanja harudi. Njoroge yuko ndani, na wa kumtoa ni wewe. Vaa viatu.”

“Watanifunga, Mzee.”

“Watakufunga. Vaa viatu.”

Alinisindikiza hadi polisi Kitale. Nikaeleza. Ofisa akaileta ile mbao, akaikwaruza kwa kisu, na unga wangu ukamwagika mezani. Njoroge akafutiwa shtaka la kuua. Mimi nilifungwa miezi minane.

Nilipotoka nilikwenda Kachibora kuomba msamaha. Nilimkuta mama yao, bibi mzee, akipukuchua mahindi uani. Hakunikaribisha kuketi.

“Siku zile ulizonyamaza,” aliniambia, “nilimlaani mtoto wangu aliyebaki. Nilimwita muuaji mbele ya watu wote. Alipoachiliwa hakurudi hapa. Sijui yuko wapi.”

Akaendelea na mahindi yake. Nikageuka, nikaondoka. Miaka michache baadaye nikasikia amezikwa, na Njoroge hakuonekana mazishini.

Mwanangu, utaharibu kazi. Hakuna fundi asiyeharibu. Ukiharibu, mwite mwenye kitu siku hiyo hiyo, aone kwa macho yake, akutukane akitaka. Kazi usiyoijua, mwambie huijui na umwelekeze kwa anayeijua, hata kama wenzako wanakutazama. Na mtu akilaumiwa kwa kosa lako, usingoje siku ya tano kama mimi. Siku hizo nne ndizo zilizomnyima yule mama mtoto wake wa pili, na hakuna jela iliyoweza kuzirudisha.

Mungu akupe mikono yenye ustadi na mdomo usiochelewa kusema kweli. Akujalie uzee ambao jina la mtu yeyote likitajwa, huinamishi kichwa. Nenda kwa amani, mwanangu.