Karatasi ya Wafula Ilikaa Kwenye Mkoba wa Rosa

Nilikosa mimi, na kosa hili nimelificha miaka. Wacha leo niseme.

Miaka ya tisini duka langu la Kaloleni lilikuwa na simu, na majirani wengi hawakuwa nayo. Jamaa zao walipiga kwangu. Niliandika ujumbe kwenye karatasi, na mmoja wa wapelekaji wangu wawili, Rosa au Wanjiru, akaupeleka mlangoni. Kila mmoja alibeba karatasi moja tu. Akirudi na jibu, ndipo nilipotia alama kitabuni kwamba umefika, na kumpa nyingine.

Rosa alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. "Aki Mama Kevo, unanichosha miguu bure," akaniambia siku moja. "Nipe zote za asubuhi nizungushe mara moja."

Nikampa kumi na mbili. Kwa uvivu wangu nikazitia alama zote papo hapo, kana kwamba zimeshafika.

Moja ilikuwa ya Wafula, kibarua wa kiwandani. Mama yake amezidiwa huko Bungoma, anamwita, asafiri leo leo.

Siku nzima Wanjiru alikaa kwenye benchi langu akiambua minji za mboga. "Hakuna ya kupeleka?" aliuliza mara mbili. Nikasema hakuna. Na yeye ndiye aliyepakana na Wafula, mlango kwa mlango!

Rosa alipeleka nne, akaenda kusukwa nywele kwa dadake mtaa wa Fedha, akalala huko. Kesho yake akaniambia, "Zote zimefika," bila kupepesa macho.

Siku ya tatu ndugu yake Wafula alikuja kumchukua wakamzike mama yao. Wafula akaja dukani analia. "Mama Kevo, mbona hukuniambia?"

Nikamfungulia kitabu mbele ya watu, nikamwonyesha alama, nikamwita mwongo. Mtu aliyefiwa.

Nilipomuuliza Rosa, akanigeuka. "Mimi hukunipa ya Wafula. Kitabu si ni chako?" Mimi niliyemsimamia mtoto wake ubatizo. Inaniuma hadi leo.

Baadaye dadake aliniletea mkoba ambao Rosa aliusahau kwake. Karatasi nane zilikuwa ndani.

Nilimpelekea Wafula yake. Aliisoma, akaniuliza, "Wanjiru alikuwa wapi siku hiyo?"

"Kwenye benchi langu."

Akafunga mlango. Hajawahi kunisalimia tena.

Wewe unayegawa kazi, usimrundikie mmoja kwa kuwa ni rafiki huku mwingine amekaa bure. Wala usiandike kitu kimefika kabla hujaambiwa na aliyekipokea. Rosa alinisaliti, sijamsamehe. Lakini ile familia ya Bungoma haikumjua Rosa. Iliniamini mimi.