Siku Nzuri kwa Kiingereza

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Elimu wa wilaya alinikabidhi boksi la chaki na darasa la wanafunzi wenye ndevu. Uhuru ulikuwa bado mchanga, wataalamu wa kigeni walikuwa wakija Singida, na wahudumu wapya wa nyumba ya wageni ya serikali walitakiwa kuwapokea kwa Kiingereza. "Sarufi achana nayo, Mwalimu," aliniambia. "Wafundishe kujitambulisha na kupiga soga."

Nikafundisha. Kwanza utambulisho: jina lako, kwenu, kazi yako, na mkono unatolewa mara moja na kurudishwa. Wao walizoea kuushika mkono wa mtu mpaka habari za ng'ombe wake ziishe. Halafu soga, yaani maneno ya kuzibia ukimya, na soga ya Mwingereza huanzia angani. Mgeni akisema leo ni siku nzuri, unajibu ndiyo, nzuri sana. Dirishani tuliliona ziwa Singidani, jeupe kwa mwanga, na sauti zao zikinifuatisha zilikaribia kunisinzisha nikiwa nimesimama. Nilikuwa na furaha siku zile.

Monika tu, mjane kutoka Mungaa, hakuitikia. "Nisamehe, Mwalimu. Jua hili linatuunguzia uwele, mie niseme ni siku nzuri? Mvua haitaniwi."

"Ni maneno tu, dada."

"Kwenu labda."

Kwetu ni Bukoba, ambako mvua huja bila kuitwa.

Monika alikuwa kwenye majaribio. Bwana Elimu alishasema atakayeshindwa kumpokea mgeni wa kwanza atarudi kijijini, na watoto wake walikula kwa kazi ile. Nilimwogopea sana.

Mgeni akaja, mzee mrefu, mtaalamu wa kuchimba visima. Alimpa Monika mkono, akatazama mbingu isiyo na wingu, akasema leo ni siku nzuri. Bwana Elimu alinikazia macho. Mkono wa mgeni Monika alikuwa bado kaushika. Kisha akajibu kwa Kiingereza nilichomfundisha, neno mojamoja: "Si nzuri, bwana. Ng'ombe wana kiu."

Mgeni hakuuvuta mkono. Alitazama juu tena, safari hii kwa muda mrefu, akauliza ng'ombe hao wako wapi. Hapo Kiingereza cha Monika kikaishia, nikatafsiri mimi, mpaka chai ikapoa.

"Huyu abaki," Bwana Elimu aliniambia baadaye. "Na wewe, waongezee maneno ya ng'ombe."

Wakati wa vijiji vya Ujamaa nilihamishiwa Mitundu, nikafundisha watu wazima kusoma hadi nikastaafu. Bukoba sikurudi. Kiingereza chenyewe kimenitoka, kama kanzu ya ujanani isiyonienea tena. Lakini mvua ya kwanza ikigonga bati, mimi hutoka barazani nikalowa kidogo, nikasema taratibu, kwa Kiingereza, kwamba leo ni siku nzuri.

Na Monika, mke wangu wa miaka yote hii, huitikia kutoka jikoni: ndiyo, nzuri sana.