Mlima Wenye Viti

Mlima wetu haukuwa na njia, na ndiyo maana tuliupenda. Tuliupata kwenye simu, mimi na rafiki yangu wa tangu shule ya msingi, tukiangalia picha za setilaiti: kilele cheusi huko kaskazini, kupita mji wa mwisho ambapo malori husimama, bila hata kijia cha mbuzi. Mimi huosha magari jijini, mtaa wa Muthangari. Yeye ni msafishaji kwenye jengo la ofisi Upper Hill, na Jumamosi alikuwa ananiingiza kwa mlango wa nyuma. Tulikuwa tunapanda ngazi mpaka juu kabisa kujizoeza, kila mtu na mtungi wa maji mgongoni, tunashuka, tunapanda tena. Tukipumzika tulibishana: tuanzie bondeni au tufuate ukingo wa mawe? Sijawahi kufurahia ubishi kama ule.

Shida ilikuwa mama. Mimi ndiye mtoto wake pekee, hangekubali niende kuliwa na fisi. Rafiki yangu akasema nimwachie yeye. Akaja nyumbani, akanywa chai, akamwambia tunaenda mlimani kuomba.

Mama alifurahi mpaka akalia, akawapigia simu wenzake wa kanisani. Kufika jioni kulikuwa na kundi la WhatsApp. Kufika Jumapili kulikuwa na kamati, maana kanisani kwetu hata watu watatu hawasafiri bila kamati. Rafiki yangu akachaguliwa mwenyekiti. Akashika maikrofoni, akanyoosha kola, nikaona amebadilika pale pale.

Kamati ikaona mlima wetu uko mbali. Halafu hauna choo. Halafu wazee watapandaje? Wakachagua kilima karibu na jiji, chenye barabara ya udongo wa murram mpaka juu na hema la kukodisha. Nilingoja mwenyekiti aseme neno moja tu. Akasoma ajenda iliyofuata.

Nilimfuata nje, nikamuuliza mlima wetu je.

"Buda, tulia. Mlima ni mlima."

"Wetu hauna viti."

"Ndiyo maana hakuna mtu huenda huko."

Akacheka, akanigonga bega, akarudi kwa watu wake.

Siku yenyewe basi lilijaa sufuria, spika na viti vya plastiki. Kazi yangu ilikuwa viti. Miguu niliyoinoa kwa ngazi za Upper Hill ilipanda barabara ambayo bodaboda zilikuwa zinatupita na abiria wawili wawili. Juu, nilimwekea mama kiti kivulini. Akanishika mkono, hakuuachilia haraka.

"Si ulitaka mlima, baba? Mungu amekupa, tena amekuongezea na watu."

Nikamwambia ndiyo, mama. Nikageuka kaskazini. Kulikuwa na vumbi tu, na mabati ya watu yakimetameta.

Nyuma yangu spika ikakohoa. Ilikuwa sauti ya mwenyekiti, akiomba yule kijana wa viti aongeze viwili hapo mbele.